Indiana haikujengwa kwa miaka miwili

Usiku wa tarehe 19 Januari 2026, kwenye uwanja wa Hard Rock kule Miami Gardens, Florida, Chuo Kikuu cha Indiana kiliifunga Miami 27-21 na kutwaa ubingwa wa taifa wa futiboli ya Kimarekani kwa vyuo. Michezo 16, ushindi 16. Mara ya mwisho timu ya ngazi ya juu ya vyuo kumaliza msimu kwa hesabu hiyo ilikuwa Yale, mwaka 1894. Tangu usiku huo, iwe kwenye redio za michezo hapa Indianapolis au kwenye maongezi ya kazini, nasikia kauli moja ikirudiwa kwa maneno tofauti: kama Indiana imetoka mkiani hadi kileleni ndani ya miaka miwili, basi chuo chochote kinaweza, mradi kipate kocha wa kweli na fedha za usajili. Wenye timu zilizoboronga wanaitumia kauli hiyo kuwabana makocha wao. Mimi naona somo hilo limeshikwa kichwa chini miguu juu. Timu ya Indiana haikujengwa kwa miaka miwili. Ilijengwa kwa miaka 15, sehemu kubwa yake kwenye vyuo ambavyo watu wengi hawakuwa na habari navyo, kisha ikabebwa na kuletwa Bloomington, mji wa chuo hicho. Anayeitazama misimu miwili ya mwisho peke yake ni sawa na aliyeona watu wanahamia nyumba mpya akadhani nyumba yenyewe imejengwa asubuhi hiyo.

Kwanza tukumbushane Indiana ilikuwa nani. Wasomaji wengi wa Kiswahili wanakijua chuo hiki kwa jambo jingine kabisa: programu yake ya masomo ya Afrika ipo tangu 1961, na Kiswahili kimefundishwa pale kwa miongo mingi. Wamarekani nao walikijua kwa mpira wa kikapu, mataji 5 ya taifa, likiwemo lile la 1976 ambapo vijana wa kocha Bob Knight walishinda michezo yote 32. Hakuna timu ya wanaume ya chuo iliyomaliza msimu wa kikapu bila kufungwa tangu hapo. Lakini kwenye futiboli Indiana ilikuwa kibonde wa kudumu. Iliuanza msimu wa 2025 ikiwa ndiyo timu iliyopoteza michezo mingi kuliko chuo kingine chochote cha ngazi ya juu katika historia, zaidi ya vipigo 700. Kabla ya 2024 haikuwahi kushinda zaidi ya michezo 9 kwa msimu. Mara ya mwisho kubeba ubingwa wa ligi yao ya Big Ten bila kugawana na mtu ilikuwa 1945. Ohio State au Michigan wakija Bloomington, mashabiki wao walikuwa wakijaza majukwaa hadi mgeni angedhani wenyeji ni wao. Mwaka 2023 timu ilishinda michezo 3 na kufungwa 9, kocha akafungashiwa virago, na tarehe 30 Novemba ya mwaka huo akatangazwa Curt Cignetti.

Jambo la pili la kuweka mezani ni kanuni, maana bila hizo hadithi hii isingekuwepo. Hadi 2021, mchezaji wa futiboli aliyehama chuo kwa kawaida alilazimika kukaa nje msimu mzima kabla ya kucheza tena, na hakuruhusiwa kulipwa chochote zaidi ya masomo na matunzo. Mwaka huo huo milango miwili ikafunguka: mchezaji akaruhusiwa kuhama mara moja bila adhabu, na kuanzia Julai akaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake. Mwaka 2024 ukomo wa kuhama mara moja nao ukaondolewa. Juni 2025 jaji Claudia Wilken akaidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, kwa kiwango kisichozidi dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Wengi tuliofuatilia mabadiliko hayo, nami nikiwamo, tuliamini yatawanenepesha vigogo. Alabama, Ohio State, Georgia: wana jina, wana fedha, sasa wanaruhusiwa kuvuna wachezaji wa kila mtu. Tulichosahau ni kwamba nguvu ya vigogo kwa miaka yote ilikuwa pia kwenye kuhodhi. Kijana wa tatu katika nafasi yake pale Alabama angeanza kikosi cha kwanza kwenye vyuo vingi, lakini alikaa benchi kwa sababu kuhama kulimgharimu mwaka mzima. Mlango ulipofunguliwa, watu waliingia kwa vigogo, ni kweli, lakini walitoka pia. Na mwenye jicho la kuwatambua waliotoka, au wale ambao hawakuwahi kuingia, akapata soko ambalo halikuwepo.

Cignetti alikuwa na jicho hilo, na swali la maana ni alilipata wapi. Kati ya 2007 na 2010 alikuwa msaidizi wa Nick Saban pale Alabama, akisimamia wapokeaji pasi na usajili wa vijana. Mwaka 2009 walikuwa mabingwa wa taifa. Mtu wa kawaida angekaa hapo akisubiri nafasi kubwa ijipe. Yeye, akikaribia miaka 50, alikubali kushuka mshahara na kwenda kuwa kocha mkuu wa chuo cha daraja la pili, Indiana University of Pennsylvania, kwenye mji mdogo wa Pennsylvania unaoitwa Indiana (jina tu ndilo linalofanana, vyuo havihusiani). Akakaa misimu 6. Akaenda Elon, misimu 2. Akaenda James Madison, kule Harrisonburg, Virginia, misimu 5, ushindi 52 na vipigo 9. Katika miaka yote hiyo 13 hakumaliza hata msimu mmoja akiwa amefungwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Chuo cha daraja la pili hakiwezi kugombania kijana anayetafutwa na nchi nzima. Kinabaki na aliyekosa inchi mbili za urefu, aliyechelewa kukomaa, aliyetoka shule isiyofikiwa na wasaka vipaji. Kocha anayeishi katika mazingira hayo muda mrefu hujifunza kuuliza swali tofauti. Haulizi kijana huyu anaonekana ataweza nini, anauliza ameshafanya nini uwanjani. Cignetti amelisema jambo hilo hadharani mara nyingi, na watu wamelichukulia kama maneno ya kocha tu. Mimi naona ndiyo ufunguo wa kila kitu kilichofuata.

Alipofika Bloomington hakuja na begi peke yake. Alikuja na Bryant Haines wa kuongoza ulinzi na Mike Shanahan wa kuongoza mashambulizi, wote aliokuwa nao James Madison. Wachezaji 13 wa James Madison wakamfuata. Hao hawakuhitaji kufundishwa lugha ya timu, walikuja wakiizungumza, wakawafundisha waliowakuta. Ndiyo maana Indiana ya 2024 ilishinda michezo 10 mfululizo tangu siku ya kwanza na kumaliza na ushindi 11 kwa vipigo 2. Timu iliyokusanywa upya haichezi hivyo Septemba. Huchukua muda watu kujuana, beki kujua mwenzake atahamia wapi bila kuambiwa. Hawa walikuwa wanajuana tayari.

Tazama sasa nani alisimama kwenye nyakati kubwa za 2025. Fainali ya Big Ten, tarehe 6 Desemba, Indianapolis, dhidi ya Ohio State mabingwa watetezi wa taifa, mchezo uliokwisha 13-10: tachidauni pekee ya kipindi cha pili (mpira kufikishwa eneo la kufungia) ilifungwa na Elijah Sarratt, kijana aliyeanzia chuo kidogo cha Saint Francis kule Pennsylvania, akapita James Madison, ndipo akafika Indiana. Nusu fainali ya taifa dhidi ya Oregon, Atlanta: pasi ya kwanza kabisa ya Oregon ilinyakuliwa na D'Angelo Ponds, akakimbia nayo hadi kwenye eneo la kufungia kabla watu hawajakaa vizuri kwenye viti. Ponds ni wa James Madison. Fainali ya taifa: Mikail Kamara aliuzuia mkwaju wa Miami karibu kabisa na eneo lao, mwenzake Isaiah Jones akaudaka mpira na kufunga. Kamara naye ni wa James Madison. Katikati ya ulinzi msimu mzima alikuwa Aiden Fisher, wa huko huko. Hayo hayatokei kwa bahati mara tatu nne katika michezo mikubwa kiasi hicho.

Na Fernando Mendoza? Yeye hakutoka James Madison, na ndiye aliyebeba Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, ya kwanza katika historia ya Indiana. Ni mtoto wa familia ya Kikuba kutoka Miami, ambaye akiwa shule ya sekondari alikuwa ameshakubali kwenda Yale kabla California hawajampa nafasi. Vigogo hawakumtaka. Alikuja Bloomington 2025, timu ikiwa na mwaka mmoja wa kucheza pamoja, na kazi yake kama kwotabeki, yaani mtu anayeupokea mpira kila shambulizi linapoanza na kuamua uende wapi, ilirahisishwa na watu waliojua wanachofanya. Sisemi hivyo kumpunguzia heshima. Kwenye fainali, zikibaki kama dakika 9, jaribio la nne, yaani la mwisho, na yadi 4 za kutafuta, kocha alikataa mkwaju wa pointi 3 na kumwachia yeye. Alikimbia yadi 12 katikati ya miili ya watu, akagongwa, akazunguka, akajirusha mbele mzimamzima. Huwezi kununua hilo. Lakini hata yeye aliikuta nyumba imesimama.

Kuna jambo moja linalokosekana kwenye simulizi hii ya wachezaji waliohama vyuo, nami nililiona kwa macho yangu Jumamosi ya tarehe 8 Novemba. Nilikuwa kwenye kiti cha kinyozi wangu, Mkongo, runinga iko ukutani. Indiana walikuwa ugenini Penn State, uwanja ambao hawakuwahi kushinda katika historia yao. Nyuma 24-20, dakika hata 2 hazijabaki, yadi 80 za kwenda. Mchezo wa kwanza Mendoza akaangushwa. Kinyozi akasema, "Kaka, imekwisha hii." Kisha pasi, na pasi, na pasi nyingine, mashine ya kunyolea ikiwa imezimwa mkononi mwake. Mpira wa mwisho ulirushwa juu sana, nyuma kabisa ya eneo la kufungia. Omar Cooper akapaa, akaukamata mwili ukiwa tayari unaelekea nje, na kabla hajaanguka ncha ya mguu mmoja ikagusa majani. Kwenye futiboli ya vyuo mguu mmoja unatosha. Walirudia picha mara nyingi, na kila mara ile ncha ilikuwa pale pale, ndani ya mstari. Zilibaki sekunde 36, 27-24. Kinyozi akaniuliza, "Na huyu wamemtoa chuo gani?" Nikamwambia huyu ni wa hapa hapa Indianapolis, alikuwepo tangu enzi za kufungwa, akakataa kuondoka.

Cooper hakuwa peke yake. Isaiah Jones aliyefunga baada ya mkwaju wa Kamara kuzuiwa alikuwepo kabla ya Cignetti. Jamari Sharpe, aliyenyakua pasi ya mwisho ya Miami zikiwa zimebaki sekunde chache na kuufunga msimu, alikuwepo pia. Naye, kama Mendoza, ni mtoto wa Miami. Kwa hiyo ninaposema timu ilihamishwa simaanishi waliokuwepo walifagiliwa nje. Waliokuja walikuwa na utaratibu uliokwisha kukomaa, na utaratibu huo ukawapa nafasi watu ambao vipaji vyao vilikuwa pale siku zote vikifungwa mara 9 kwa msimu. Hiyo inapaswa kuwaumiza kichwa viongozi wa vyuo vingine zaidi ya hesabu zozote za fedha. Ni akina Cooper wangapi wamekaa kwenye timu mbovu sasa hivi?

Nije kwenye hoja za upande mwingine. Inayorudiwa zaidi ni fedha: Indiana ilinunua ubingwa. Hoja hii ina ukweli ndani yake na sitaikwepa. Indiana si maskini na haikuwahi kuwa maskini. Ipo Big Ten, ligi yenye mkataba wa televisheni wa miaka 7 na Fox, CBS na NBC unaozidi dola bilioni 7. Ina wahitimu walio hai zaidi ya 700,000, akiwemo tajiri Mark Cuban ambaye amechangia timu waziwazi. Mshahara wa Cignetti, baada ya mkataba mpya wa Oktoba 2025, unazidi dola milioni 11 kwa mwaka. Kwa hiyo wanaosimulia habari hii kama ya yatima aliyeolewa ikulu wanapotosha. Lakini geuza hoja uitazame upande wa pili. Kama Indiana ilikuwa na fedha za Big Ten miaka yote, mgao ule ule wanaopewa Ohio State, fedha hizo zilikuwa wapi ilipokuwa ikifungwa mara 9 kwa mwaka? Na wenye fedha zaidi walifika wapi? Kura za waandishi kabla ya msimu wa 2025 ziliiweka Texas namba 1 na Penn State namba 2. Zote mbili hazikuingia hata kwenye timu 12 za mchujo wa kuwania ubingwa wa taifa. Katika kikosi cha Indiana hakukuwa na mchezaji hata mmoja aliyetoka sekondari akiwa na nyota 5 za wapimaji vipaji, na wenye nyota 4 walikuwa wachache sana. Fedha zilihitajika ili kuwaleta Mendoza na wenzake na kumzuia kocha asichukuliwe. Hazikuchagua nani aletwe.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ya ratiba: Indiana ilicheza na wanyonge. Nataka niwe mkweli kwamba mwisho wa 2024 hoja hii ilikuwa na miguu. Walipokutana na Ohio State walichapwa 38-15, na kwenye raundi ya kwanza ya mchujo Notre Dame wakawafunga 27-17. Aliyesema wakati huo kwamba ushindi 11 ulikuwa umepambwa na ratiba hakuwa mchawi. Ila kuna watu waliendelea kuisema hoja hiyo hiyo mwaka mzima wa 2025 kana kwamba hakuna kilichotokea. Illinois walikuja Septemba wakiwa kwenye kumi bora, wakafungwa 63-10. Oregon, namba 3 wakati huo, walifungwa nyumbani kwao 30-20. Kisha Penn State ugenini, Ohio State kwenye fainali ya ligi, Alabama kwenye robo fainali ya Rose Bowl kwa 38-3, Oregon tena kwa 56-22, na Miami kwenye uwanja ambao Miami wenyewe huchezea michezo yao ya nyumbani. Kwenye michezo miwili ya kwanza ya mchujo Indiana walifunga pointi 94 na kufungwa 25. Sijui mtu anahitaji ratiba gani zaidi ya hiyo.

Inayoniuma mimi ni hoja ya tatu, na ni ajabu kwamba haisikiki sana: kwamba nyumba ikihamishwa, kuna kiwanja kinabaki kitupu. James Madison walimaliza msimu wa kawaida wa 2023 wakiwa na ushindi 11 na kipigo 1. Ndani ya wiki chache walikuwa wamepoteza kocha mkuu, benchi la ufundi na wachezaji 13. Watu wa Harrisonburg waliokuwa wakijaza uwanja kuwashangilia akina Fisher na Kamara wamewaona wakibeba ndoo ya taifa wakiwa na jezi nyekundu ya watu wengine. Utetezi upo. James Madison hawakufa. Walimpata Bob Chesney, na mwaka 2025 walichukua ubingwa wa ligi yao na kuingia wenyewe kwenye mchujo wa timu 12, wakafungwa na Oregon 51-34. Lakini angalia kilichofuata: Chesney naye akachukuliwa na UCLA. Na ukimsikiliza mchezaji, mizani inageuka tena. Chini ya kanuni za zamani Sarratt angelipa msimu mzima wa nje kwa kila hatua aliyopanda, na huenda asingefika popote. Siwezi kumwambia kijana akae chuo kidogo ili mashabiki wasihuzunike, wakati kocha wake ameshapanda ndege.

Ninachoweza kusema ni kwamba mfumo unamtendea vibaya anayelea. Wapenzi wa soka wanajua kwamba FIFA ina fidia ya mafunzo: klabu iliyomkuza kijana hupata chochote akipanda. Kwenye futiboli ya vyuo, kocha akihama, chuo anachokwenda kwa kawaida hulipa fidia ya kuvunja mkataba. Mchezaji akihama, chuo kilichomtoa kwenye ubichi mara nyingi hakipati hata senti. Kama vyuo vikubwa sasa vinalipa wachezaji moja kwa moja na kuita jambo hilo biashara halali, basi biashara ina muuzaji pia. Asilimia ndogo ya malipo ya mwaka wa kwanza ikirudi Harrisonburg au Saint Francis isingemzuia mchezaji yeyote kuhama, na ingewapa wale makocha wa vyuo vidogo kitu cha kuanzia upya.

Hapa ndipo kuelewa vibaya msimu wa Indiana kunapoleta madhara. Vuli ya 2025 vyuo vilitimua makocha katikati ya msimu kwa kasi ya kutisha. Penn State walimtoa James Franklin Oktoba, mtu ambaye Januari ya mwaka huo huo alikuwa mchezo mmoja tu kutoka fainali ya taifa. Florida wakafuata, kisha LSU, kisha Auburn. Oklahoma State walikuwa wametangulia Septemba kumwondoa Mike Gundy, aliyekuwepo tangu 2005. Kumwondoa Brian Kelly tu, mkataba uliwadai LSU dola zipatazo milioni 54. Nyuma ya maamuzi hayo kuna imani kwamba ukarabati wa timu sasa ni kazi ya mwaka mmoja, miwili ukizidi, na Indiana ndiyo ushahidi unaotolewa. Lakini msimamizi wa michezo anayeusoma ushahidi huo sawasawa angeuliza maswali mengine kabisa. Kocha huyu amefanya kazi na wasaidizi wake kwa muda gani? Je, watakuja pamoja? Amewahi kushinda mahali ambapo hakuwa na kila kitu? Cignetti alikuwa na miaka 62 alipochukuliwa na Indiana. Miaka yote ile ya ushindi huko Pennsylvania, North Carolina na Virginia ilikuwa wazi kwa kila chuo kikubwa nchini, na hakuna aliyeisoma, kwa sababu walikuwa wakitafuta jina.

Penn State baadaye walimchukua Matt Campbell, aliyekaa Iowa State misimu 10, na kundi kubwa la wachezaji wake likamfuata kutoka Ames, mji wa Iowa State. Mimi nawaona hao wamesoma vizuri kuliko wengi. Nawaonea huruma Ames. LSU walichagua njia nyingine, wakamng'oa Lane Kiffin kutoka Ole Miss siku chache kabla Ole Miss hawajaingia kwenye mchujo wa kwanza wa historia yao, na Ole Miss hao hao, bila yeye, wakafika nusu fainali wakiongozwa na Pete Golding aliyekuwa msimamizi wa ulinzi. Utaratibu ulibaki hata kocha alipoondoka. Hilo nalo ni la kutafakari kwa wanaodhani kila kitu kimo ndani ya mtu mmoja.

Kwa Indiana wenyewe, kipimo cha hoja yangu kinaanza sasa. Mendoza ameondoka kwenda ligi ya kulipwa. Sarratt, Kamara na Fisher wamemaliza miaka yao ya chuo. Nguzo zilizoletwa kutoka Virginia zinaondoka karibu zote kwa mpigo, na kwa mara ya kwanza pale Bloomington Cignetti na wasaidizi wake watalazimika kujenga, si kuhamisha. Wakipoteza michezo mitatu au minne msimu wa 2026, watu watasema ilikuwa bahati. Sitasema hivyo. Mimi nitakuwa namtazama mtu mmoja: atakayesimama pale aliposimama Fisher, katikati ya ulinzi, akiwapanga wenzake kwa mkono na kwa sauti kabla mpira haujachezwa. Fisher aliyajua maneno yale tangu Harrisonburg. Huyu atakuwa ameyajifunzia Bloomington.